Siku Nne za Februari

Kolwezi, 2 Machi 2023

Tata Tharcisse,

Nakusalimu, wewe na Blandine na wote wa nyumbani. Mama Ernestine anapanda treni kesho, kama treni itaondoka, anakuja Kasaji kununua mihogo, na amekubali kubeba barua hii pamoja na jedwali la mvua ya Februari. Nimelinakili mara mbili kwa wino kama ulivyonifundisha, moja ya kwenda ofisi ya hali ya hewa Lubumbashi na moja yako.

Uliniambia nisikuletee namba tupu, nikusomee mwezi. Nitajaribu, ingawa huu umenichosha, na mtu aliyechoka husoma vibaya.

Mawingu yalikuwa yanatoka upande wa Mashamba karibu kila alasiri. Siku za kwanza yalitisha tu: milimita 2,3 tarehe mosi, 7,8 siku iliyofuata, kisha 0,4 ambayo haikulowesha hata vumbi la chini ya mti wa mparachichi. Tarehe 7 ilikuja 31,6 na upepo uliong'oa mabati mawili ya darasa la tano. Watoto walisomea kanisani siku mbili, padri akalalamika kwamba wanaandika kwenye mabenchi. Katikati ya mwezi mvua ndogondogo. Mwishoni ukungu, asubuhi tatu mfululizo, mpaka sikuona kipima mvua nikiwa mlangoni. Jumla ni milimita 168,9 kwa siku ishirini za mvua. Katika vitabu vyako Februari hukaribia mia mbili, kwa hiyo tuseme ulikuwa mwezi mkavu kidogo.

Bado naandika namba kwa chaki kwenye tablo ya geti la parokia kila asubuhi kabla ya kengele ya misa. Wachimbaji wanapita, wanasoma, wanakwenda zao. Kanuni yako wanaishika: ikizidi ishirini hakuna anayeshuka shimoni mpaka kesho yake. Wamenipa jina, Mama ya Mvua. Yuko mmoja aliyekuwa akisema kila siku: "Mama ya Mvua, leo utupunguzie, shiye tuko na njaa." Nilikuwa najifanya sisikii. Sijui kwa nini nilijifanya.

Tarehe 16 shimo analolisimamia kapita Henri, lile la nyuma ya ukuta wa parokia, liliporomoka. Amekufa kijana mmoja, Gael, mtoto wa Mama Adolphine anayeuza maandazi mbele ya kanisa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Walimzika tarehe 18. Siku hiyo haikunyesha.

Nakutakia afya njema.

Mwadi

*

Kasaji, 8 Machi 2023

Mwadi, mwanangu,

Blandine ndiye anayeandika, mimi nasema. Macho yangu yameniambia yanataka pensheni. Usicheke, maana Blandine amecheka na ameharibu karatasi ya kwanza.

Jedwali limefika likiwa na harufu ya samaki wa Mama Ernestine, lakini limefika. Amenisomea mara tatu. Mara ya kwanza nasikiliza mvua, mara ya pili nasikiliza upepo, mara ya tatu nasikiliza aliyeandika. Ndivyo mwezi unavyosomwa. Huko Lubumbashi sijui kama kuna anayesoma hata mara moja, lakini hilo si letu.

Tarehe 7 umeiandika vizuri. Ukungu pia. Wengi wanausahau ukungu kwa sababu haujazi kitu.

Nimesikia habari ya Gael. Mama Adolphine namfahamu tangu alipokuwa msichana wa kwaya, sauti yake ilikuwa inapita ya wote na hakuna aliyethubutu kumwambia ashushe. Mpelekee pole yangu. Sema ni Tharcisse wa kipima mvua.

Sasa nina swali moja, na usilichukue vibaya. Tarehe 13, 14, 15 na 16. Umeandika 4,0, kisha 5,0, kisha 3,5, kisha 6,0. Blandine aliposoma hapo nilimwambia arudie. Siku zako nyingine zote zina mikia: 7,8, 31,6, 12,7. Hizi nne zimekatwa sawasawa kama matofali. Katika miaka thelathini na mmoja sijapata siku nne zilizofuatana za namna hiyo. Inawezekana, Mungu anaweza kufanya anavyotaka. Lakini Mama Ernestine ananiambia juma hilo magunia yake mawili ya mihogo yalilowa uani kwake mpaka yakaoza, na hapo si mbali na parokia.

Labda kioo cha kupimia kimeingia ukungu. Kifute kwa majivu na kitambaa kikavu, siyo sabuni.

Blandine anakusalimu. Anasema uje ule asali.

Tata yako,
Tharcisse

*

Kolwezi, 14 Machi 2023

Tata Tharcisse,

Asante kwa barua. Kioo nimekifuta kwa majivu.

Kuhusu siku zile nne sijui niseme nini. Asubuhi zilikuwa na giza. Pengine nilisoma kwa haraka na kuikata namba pale ilipokaribia. Sidhani kama inabadilisha mwezi. Magunia ya Mama Ernestine yangeoza hata kwa umande, unajua anavyoyaweka.

Pole yako nimeifikisha. Nilikwenda Jumapili. Bado wanakaa kilio, turubai limefungwa kati ya nyumba na jiko, na mahali pa kukanyaga pamekuwa tope. Mama Adolphine alikuwa kwenye mkeka, amefungwa kitenge kiunoni. Nilipotaja jina lako alitikisa kichwa tu. Nilipewa sahani ya bukari ya unga wa mihogo na majani ya sombe nikaketi kati ya wanawake, na nilikuwa bado sijaosha mikono pale ugomvi ulipoanza kwa wanaume.

Mjomba wa Gael, Tata Edouard, alimwona Henri akiingia na kiti chake mwenyewe mkononi, kama mtu aliyejua hatapewa. Akamwambia mbele ya wote: "Henri, we ulimushusha mutoto mu mvua, na leo unakuja kukula bukari yetu?"

Henri akasema: "Mvua gani, tata? Tablo ilisema sita. Sita! Na sita bantu bote banashuka, muulize nani unataka."

"Ah, ilikuwa sita?"

"Ilikuwa sita. Niliisoma na macho yangu."

"Sawa. Kama mvua ilikuwa sita, shimo ilianguka sababu ya nini? Sita inaweza kuangusha shimo? Basi ni miti yako, Henri. Ulishikilisha udongo na miti ya kuoza, ukamuweka mutoto wa dada yangu chini yake. We mwenyewe umejifunga."

Nilimwona Henri akihesabu kichwani, akitafuta pa kutokea, na hapakuwepo. Mtu mmoja akasema kwamba miti aliikata yeye pamoja na Henri mwezi wa Januari na ilikuwa mibichi, ikitoa maji. Walimzomea: "We nyamaza, we unakulaka kwake!"

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, Tata Kazadi, amesema mambo haya hayataamuliwa kwenye kilio. Ameweka Jumamosi, tarehe 1 Aprili, ofisini kwake. Anataka nije na daftari la mvua. Kama daftari linasema sita, kosa ni la Henri na miti yake. Atakabidhiwa kwa polisi na familia yake itaondoka kartie. Mkewe ana mimba ya miezi saba. Kama daftari linasema mvua kubwa kuliko ile ya tablo, basi ni mvua, na hakuna wa kukabidhiwa.

Nilirudi nyumbani nikalala mchana kutwa.

Mwadi

*

Kasaji, 18 Machi 2023

Mwadi,

Nimefurahi na nimehuzunika, na Blandine hajui aanze kuandika lipi.

Nimehuzunika kwa ajili ya Henri. Alikuwa akipita getini zamani zile alipokuwa mchimbaji tu, hana hata kofia. Ndiye aliyeniuliza siku moja: "Tata, hii maji yako ya chupa inatusaidia nini shiye?" Swali hilo lilinikaa tumboni juma zima. Mwisho nikamwambia, leteni tablo. Hiyo ishirini tuliipanga mimi na yeye, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya sakristia. Kwa hiyo sidhani kama ni mtu wa kucheza na mvua. Lakini miti ni kitu kingine. Sikuwahi kuiona miti yake.

Nimefurahi kwa sababu miaka thelathini na mmoja nimeandika vitabu kumi na vinne na hakuna mtu, siyo padri, siyo shefu, aliyewahi kusema: leteni daftari, tuone. Mke wangu marehemu aliniita karani wa matone. Leo daftari linaitwa kama shahidi. Livalishe jalada safi. Usilisome wewe, mpe shefu alisome mwenyewe, kwa sauti, na watu wasikie tarehe kabla ya namba. Ukae wima.

Kuhusu siku nne nimekuelewa. Asubuhi za giza nazijua. Hatutalizungumza tena.

Tharcisse

*

Kolwezi, 23 Machi 2023

Tata Tharcisse,

Barua hii nimempa dereva wa pikipiki anayekuja huko, ili isingoje treni. Nakuomba Blandine akusomee mkiwa peke yenu.

Sikupima.

Tarehe 13, 14, 15 na 16 sikwenda kwenye kipima mvua kabisa. Sikuwa mgonjwa. Ningependa kukuambia nilikuwa mgonjwa, na mara mbili nilianza barua hii kwa kusema nilikuwa na homa, kisha nikaichana. Niliamka kwa wakati, kama siku zote. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiwa nimevaa kiatu kimoja. Nilifikiri: natoka, napima, naandika, napeleka, na kesho tena. Nilikaa na kile kiatu kimoja mpaka kengele ikakaribia. Kutoka kitandani mpaka kwenye kipima mvua ni hatua arobaini. Nimezihesabu baadaye.

Unajua nilivyorudi kutoka Lubumbashi. Nilirudi na diploma ya jiografia ndani ya bahasha ya plastiki na watu wakasema huyu atapata kazi kubwa. Miezi kumi na saba sasa, na kazi hakuna. Uliponiachia daftari nilijiambia angalau kuna kitu kimoja duniani ambacho kisipofanywa na mimi hakitafanywa. Nilikipenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyohiyo, ndani ya Februari, nilianza kukichukia. Sijui kama haya yanaeleweka. Simlaumu mtu.

Mvua niliisikia juu ya bati. Nilijidanganya kwamba nimekwisha kuijua kwa masikio: hii ni nne, hii ni tano. Asubuhi ya tarehe 13 nikaandika 4 kwenye tablo, na hakuna kilichotokea. Hakuna aliyekuja kusema siyo nne. Siku ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Siku ya nne niliandika 6 kwa sababu nilisikia kidogo kisha usingizi ukanichukua, na sijui ni nini kilichonyesha nikiwa nimelala.

Shimo lilianguka kabla ya adhuhuri. Nilisikia wanawake. Nilikwenda mbio mpaka ukutani kama watu wote, na nilisimama pale kama watu wote, wakimchimbua kwa mikono na masufuria. Kesho yake, tarehe 17, baada ya mchana na usiku bila mvua, nilikwenda kwenye kipima mvua. Chupa ilikuwa imejaa, na maji yalikuwa yamemwagikia kwenye ndoo ya nje. Nilimimina kwenye kioo cha milimita kumi mara saba kikajaa, na mara ya nane kikafika 1,4. Milimita 71,4, Tata. Namba zangu nne zikijumlishwa ni 18,5. Niliyamwaga chini ya mparachichi na kuandika 6,0 kwa wino kwenye tarehe 16.

Sijui mvua ya kila siku ilikuwa ngapi. Hakuna atakayejua sasa. Pengine kubwa ilikuwa ya tarehe 14 na ile ya 16 kweli ilikuwa sita. Pengine asubuhi ile tablo ilipaswa kusema arobaini na Gael angerudi nyumbani. Nageuza jambo hili huku na huku na kila upande naona mlango uleule umefungwa.

Ninachojua ni kwamba Henri anasema ukweli. Tablo ilisema sita, naye alishika kanuni mliyoipanga. Namba ndiyo inayomfunga, na namba hiyo haijatoka angani, imetoka kitandani kwangu.

Jumamosi ile ya tarehe 1 natakiwa kulifungua daftari mbele ya watu. Nimekuwa nikingoja barua yako inipe ruhusa ya jambo fulani. Nilipoisoma ile ya tarehe 18, niliona haya hadi nikaitia chini ya godoro.

Niambie nifanye nini.

Mwadi

*

Kasaji, 27 Machi 2023

Mwadi,

Nimeisikia barua yako. Blandine alinisomea mara moja tu. Sikuomba mara ya pili.

Nilikaa siku mbili bila kukujibu. Sasa sikiliza. Umefanya vibaya na hilo unalijua, sina la kuongeza. Lakini umeniuliza ufanye nini, nami nakujibu: acha namba ilivyo.

Ukisimama mbele ya Kazadi na Edouard ukasema siku nne ni za uongo, hawatasikia siku nne. Watasikia daftari. Kesho wataniambia ni za uongo na zile za mwaka 1997, na za 2004 mafuriko yalipobomoa daraja, na zote. Hakuna mchimbaji atakayesoma tena tablo. Watashuka wakitazama juu kwa macho, kama zamani, na watakufa wengi kuliko mmoja. Umefikiria hilo? Wewe unataka kupumua. Mimi nafikiria walio hai.

Henri ni mtu mzima. Kapita hashuki kwa sababu ya ubao tu, hupiga ukuta wa shimo kwa ngumi na kusikiliza. Kama alipiga, angesikia. Hakuna anayejua kama miti yake ilikuwa mizima. Wewe mwenyewe unasema pengine kweli ilikuwa sita.

Mpe shefu daftari, asome tarehe na namba, rudi nyumbani. Kisha anza upya na upime kila siku mpaka uzeeke kama mimi. Hiyo ndiyo adhabu ninayokupa.

Tharcisse

Mwadi, ni mimi Blandine sasa. Baba ametoka nje kukaa juani. Nimeandika alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Sasa naandika yangu.

Tangu barua yako ifike hali chakula vizuri. Amekasirika, lakini hajakukasirikia wewe kama anavyojifanya. Nitakuambia kitu ambacho hataki kisemwe. Miaka miwili ya mwisho huko Kolwezi hakuwa akiona mistari ya kioo. Alikuwa akitia kidole ndani, kile cha shahada, na kuhesabu maji yamefika wapi kwenye ngozi. Mwanzoni nilifikiri anafanya mchezo. Kila asubuhi, hata alipokuwa akitetemeka kwa malaria, alikwenda akatia kidole. Ile mikia ya namba aliyokusifia, katika vitabu vyake mingine aliitia mwenyewe, ili zifanane na mvua.

Anaogopa wakianza kuuliza watafika kwake. Sikuambii ufanye nini, wewe ndiye unayekaa karibu na nyumba ya Mama Adolphine. Nilitaka tu ujue ni nani anayekushauri na kwa sababu gani. Usimchukie.

Blandine

*

Kolwezi, 3 Aprili 2023

Tata Tharcisse,

Nimekwenda, na sikufanya ulivyoniambia.

Ofisi ya shefu ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Henri, amevaa shati la Jumapili, alikuwa amekaa mbele na mkewe nyuma yake. Tata Edouard alikuwa na wazee wawili wa familia. Mama Adolphine alikaa pembeni karibu na mlango, peke yake, kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine.

Nilimpa Shefu Kazadi daftari, naye akasoma kama ulivyotaka, tarehe kwanza. "Tarehe kumi na tatu, nne. Tarehe kumi na nne, tano." Alipofika kumi na sita Tata Edouard alisema "Ee!" na kupiga goti lake. Hapo niliomba neno.

Nilisema siku hizo nne sikupima. Nilisema nililala, namba nilizitunga, na maji ya siku nne yalikuwa sabini na moja nukta nne, na hakuna awezaye kuyagawa. Sikusema sababu. Nilikuwa nimeziandaa, Tata, nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na nilipofungua mdomo niliona hazimhusu mtu.

Tata Edouard akasimama. "Ulilala? Basomi yetu! Tulikutuma université, ukarudi na diplome ya kulala?" Watu wengine wakacheka, kile kicheko cha watu wasiojua wafanye nini na nyuso zao. Akaendelea: "Na zile za mwaka jana? Na za Tata Tharcisse? Bitabu byote ni bya usingizi?"

Hapo niliogopa kuliko mwanzo. Nilimjibu: "Tata Tharcisse alipima kila siku. Hakuna siku hata moja ambayo hakwenda." Nilisema hivyo mara mbili. Ni kweli, na nitaisema tena kwa yeyote atakayeuliza.

Henri hakunishukuru. Aligeuka polepole, akanitazama kama anayenifahamu kwa mbali. "Mama ya Mvua," akasema, "mwezi muzima? Kila siku napita pale getini, unaniona, tunasalimiana. Mwezi muzima na nusu uliniacha nikae hivi?" Mkewe akamshika bega.

Shefu aliamua kwamba kwa namba hizo hakuna anayeweza kufungwa. Makapita watatu wa mashimo mengine wataitazama miti iliyotolewa, na kama iko mizima, jambo la Henri limekwisha. Hatakwenda polisi, na mkewe atazaa hapa. Kuhusu mimi alisema hajui sheria ya mtu aliyelala. Parokia iamue. Padri ameamua niendelee kupima mpaka apatikane mwingine, na hakuna anayejitokeza. Kuna wachimbaji wanaopita bila kugeuza shingo. Kuna wengine wanaosoma. Jana mmoja aliniuliza: "Hii ni ya kweli ao ni ya kitanda?" Nilimwambia aje aone. Alikuja, tukainama wote wawili juu ya kioo, akasoma mwenyewe, 9,3, akaondoka bila kuaga.

Katika daftari nimepiga mstari mmoja juu ya zile siku nne, namba zinasomeka chini yake, na kando nimeandika: Haikupimwa. Pamoja: 71,4. Mwezi wote sasa ni 221,8. Haukuwa mkavu.

Nimekuandikia habari ya kila mtu isipokuwa ya mmoja. Watu walipoanza kutoka nilibaki nimesimama kwa sababu Mama Adolphine alikuwa kati yangu na mlango na hakuondoka. Nilijua nitapigwa, na nilitaka kupigwa. Nilipiga magoti nikasema: "Mama, unisamehe."

Hakunigusa. Alinitazama, macho yake makavu kabisa, kisha akasema kwa sauti ndogo, ile sauti unayosema ilikuwa inapita kwaya nzima:

"Asubuhi ile hakutaka kuamuka. Alisema, mama, mvua imenyesha sana leo, acha nilale. Mi nilitoka, nikaenda mupaka ku geti, nikasoma tablo yako. Nikarudia ku nyumba, nikamutoa blanketi. Nikamwambia, amuka, Gael, ni sita tu."

Mwadi